Elimu Yenye Tarehe



Kuna lalamiko linalosikika kila panapotajwa wataalamu, iwe kwenye baraza la chifu, kwenye duka la pembejeo au kwenye foleni ya zahanati. Husemwa kwamba wataalamu hawana msimamo. Jana walisema pandeni hii, leo wanasema iacheni. Jana waliisifu dawa ile, leo wameiondoa. Mwenye kulalamika hukata shauri kwamba ama walikosea mwanzo, ama wanakosea sasa, na kwa vyovyote vile hakuna sababu ya kuwaamini kesho. Nimechagua kulizungumzia lalamiko hili kwa sababu nalichukulia kwa uzito. Limejengwa juu ya jambo la kweli: ushauri hubadilika, tena hubadilika mara nyingi, na anayeubeba mzigo wa mabadiliko hayo ni mkulima na mgonjwa, wala si aliyeutoa. Ninachokikataa ni hitimisho lake. Dai langu ni kwamba katika mambo mengi yanayogusa shamba, hospitali na chakula chetu, ushauri usiobadilika kabisa ndio wa kuogopwa, na kwamba wanaotushauri wanatukosea zaidi wanapotuficha tarehe na masharti ya maneno yao kuliko wanapoyabadilisha.

Ushahidi wa kwanza uko jirani. Ukiteremka kutoka huku juu Mau Narok kuelekea Njoro unafika kwenye kituo cha utafiti wa ngano kilichoanzishwa na serikali ya kikoloni mwaka 1927, ambacho leo kiko chini ya shirika la utafiti wa kilimo, KALRO. Kilichokizaa kituo hicho ni hasara. Mlowezi Lord Delamere, aliyekuwa ameshika maelfu ya ekari za nchi ambayo Wamaasai walilisha mifugo yao kabla yake, alipanda ngano Njoro katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, na kutu ikaila. Akaajiri mtaalamu wa kuzalisha mbegu, wakajaribu tena. Tangu siku hizo kila aina ya ngano iliyopata jina katika Bonde la Ufa imekuwa jibu la muda kwa kutu ya wakati wake. Naomba mlishike neno hilo, la muda, kwa maana hoja yangu yote imeegemea hapo.

Kutu ya ngano ni kuvu, na haiwezi kuishi bila mmea ulio hai. Kijimbegu chake, kisichoonekana kwa macho matupu, hutua kwenye jani au bua lenye umande, huota, hupenya ndani, na baada ya wiki mbili hivi hupasua ngozi ya bua na kumwaga vumbi la rangi ya kutu lenye vijimbegu maelfu. Upepo huvichukua, na upepo hauangalii ua wala hati ya shamba. Katika nchi zenye majira ya baridi kali, mzunguko huo hukatizwa kila mwaka. Katika nyanda zetu za juu ni vigumu kuutaja mwezi ambao ngano mbichi haipatikani mahali fulani: shamba moja likivunwa, lingine la mwinuko tofauti bado ni kijani, na kuvu huhama kutoka hili hadi lile. Haipumziki. Na kwa kuwa kila kizazi kinaleta mabilioni ya vijimbegu, kila kizazi ni nafasi ya kutokea kimoja kilichobadilika kidogo, kinachoweza kuipenya ngano ambayo wenzake walishindwa kuipenya. Hakuna mtu aliyekosea hapo. Ni kiumbe kinachotafuta riziki.

Katika miongo ya mwisho ya karne iliyopita, ngano nyingi duniani zilikuwa zimepewa kinga iliyotoka kwa jamaa wa ngano, nafaka iitwayo rai. Jeni yenye kinga hiyo inajulikana kama Sr31. Ilifanya kazi kwa muda mrefu na katika nchi nyingi kiasi kwamba kutu ya bua ilianza kuhesabiwa kuwa ugonjwa wa zamani, na fedha za kuuchunguza zikapungua. Kisha mwaka 1998, kwenye kituo cha Kalengyere kusini magharibi mwa Uganda, mtafiti William Wagoire aliiona kutu juu ya ngano iliyobeba Sr31. Sampuli ikapelekwa Afrika Kusini, ikachunguzwa mwaka uliofuata, na kuvu hiyo ikapewa jina ambalo wakulima wengi wa hapa wamelisikia: Ug99. Ikaonekana Kenya, ikaonekana Ethiopia mwaka 2003, ikavuka Bahari ya Shamu hadi Yemeni mwaka 2006, na mwaka 2007 ikafika Irani. Norman Borlaug, aliyepewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 1970 kwa kazi yake juu ya ngano, alikuwa na umri wa miaka 91 wakati wataalamu wa dunia walipokutana Nairobi mwaka 2005 kwa ajili ya tishio hilo, naye ndiye aliyepaza sauti kuliko wote kwamba dunia ilikuwa imelala. Tangu mwaka huo mashamba ya Njoro yamepokea maelfu kwa maelfu ya aina za majaribio za ngano kutoka nchi nyingi, zikiwekwa kwa makusudi mbele ya kutu ili ijulikane ipi itasimama.

Hapo ndipo lalamiko la mkulima linapopata nguvu, na sitaki kulipunguza. Ngano iitwayo Mwamba ilipendwa sana nchini. Ilikuwa na jeni nyingine, Sr24, ambayo Ug99 ya kwanza haikuiweza, na wakulima waliambiwa hivyo. Mwaka 2006 ukagunduliwa uzao mpya wa Ug99 ulioishinda Sr24, na mwaka 2007 mashamba ya Mwamba yakashambuliwa vibaya. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 zikatolewa aina nyingine, miongoni mwazo Robin na Eagle 10. Kufikia mwaka 2014 kulikuwa na uzao mwingine wa kutu uliovunja kinga ya Robin. Mkulima aliyefuata ushauri kwa uaminifu katika miaka yote hiyo alibadilisha mbegu, akanunua dawa, akabadilisha tena, na bado akaona punje zilizosinyaa kwenye gunia. Mtu kama huyo akiuliza kwa nini amsikilize afisa wa kilimo mara ya nne, anastahili jibu lenye hoja ndani yake. Kumwambia tu kwamba sayansi ni nzuri ni kumdharau.

Jibu lenyewe ni hili. Aliyesema mwaka 2005 kwamba Mwamba inastahimili kutu alisema kweli. Kutu iliyokuwa shambani mwaka huo haikuiweza Mwamba. Kauli ile ilikuwa na sehemu mbili, ya kwanza ikitamkwa na ya pili ikimezwa: Mwamba inastahimili kutu, kutu hii tunayoijua sasa, katika mashamba haya tulimoijaribu. Mkulima alipewa nusu ya kwanza akaichukua kama ahadi ya kudumu, na hakuna aliyemsahihisha kwa sababu nusu ya kwanza peke yake huuza mbegu vizuri zaidi. Mwaka 2007 ulipofika, kilichovunjika mbele ya macho yake kilikuwa ile ahadi ya kudumu, ambayo kituo cha utafiti hakikuwahi kuwa na uwezo wa kuitoa. Ujuzi wenyewe ulikuwa unafanya kazi kama inavyotakiwa: uzao mpya ulitambuliwa, ukapewa jina, na mbegu zikaanza kupimwa dhidi yake.

Yaliyofuata yanafundisha zaidi. Kwa kupigwa mara kwa mara, wazalishaji wa ngano walianza kuitilia shaka ile njia ya kutegemea jeni moja yenye nguvu, inayoifanya ngano isiguswe kabisa. Ngano ya namna hiyo hupendeza sana shambani, safi kuanzia mwanzo hadi mwisho, lakini kinga yake ni mlango mmoja, na kuvu ikiupata ufunguo inaingia nyumba nzima. Wakarudi kuitazama kwa makini kinga ya namna nyingine, iliyokuwa ikijulikana siku nyingi. Katika miaka ya 1920 Mmarekani Edgar McFadden alihamishia kwenye ngano ya mkate kinga kutoka kwa ngano ya kale, na sehemu ya kinga hiyo, jeni iitwayo Sr2, bado inafanya kazi baada ya karibu miaka mia moja. Sr2 haizuii kutu isiingie. Inaichelewesha. Ikiunganishwa na jeni nyingine ndogondogo za aina yake, mmea utaonyesha madoa, lakini ugonjwa utakwenda polepole hadi punje zijae. Kwa hiyo ahadi imebadilika, kutoka ngano isiyopata kutu hadi ngano ambayo kutu haitaimaliza kabla ya mavuno. Ahadi ya pili ni ndogo, na ndiyo inayoelekea kudumu. Mkulima asiyeelezwa hayo atayaona madoa, atasema ameuziwa mbegu mbovu, na atairudia ile safi itakayoanguka yote kwa pamoja msimu mmoja.

Yaliyotokea shambani yametokea pia hospitalini, na kwa sababu ile ile. Watu wazima waliopo hapa wanaikumbuka klorokwini, dawa chungu iliyotibu malaria kwa miongo mingi. Mwaka 1998 Kenya iliiacha, ikachukua dawa za kundi la Fansidar. Mwaka 2004 ikaamua kuziacha hizo nazo, na kufika kwenye dawa mseto zenye artemisinini tunazozitumia sasa. Ukitazama kwa haraka utaona serikali isiyojua inachokitaka. Ukitazama kwa makini utaona kimelea kilichokuwa kikibadilika na madaktari waliokuwa wakihesabu wagonjwa wasiopona. Na kuna sehemu ya habari hii ambayo haisimuliwi vya kutosha. Malawi iliiacha klorokwini mwaka 1993, kabla ya majirani zake wote. Dawa ilipotoweka madukani, vimelea vilivyoizoea vilipungua, na vile visivyoiweza vikarudi kutawala. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006, uliofanywa Blantyre, ulionyesha kwamba klorokwini ilikuwa inawaponya karibu watoto wote waliopewa. Sentensi iliyokuwa kweli ikawa si kweli, kisha ikawa kweli tena, na katika muda wote huo dawa ilikuwa ile ile. Kauli isiyo na mwaka wala mahali haiwezi kuyabeba mambo ya namna hii.

Pingamizi la kwanza dhidi ya kutaja tarehe na masharti, na ndilo ninaloliheshimu zaidi, ni la mtu anayesema kwamba mkulima mwenye ekari mbili hahitaji masharti. Anahitaji kuambiwa apande nini wiki ijayo. Ukimwongezea mwaka, mwinuko na uwezekano, utamchanganya, naye atamfuata mwenye duka anayesema neno moja kwa sauti kubwa. Kuna ukweli hapa kuhusu mwenye duka. Kuhusu mkulima, nadhani pingamizi linamfahamu vibaya. Mtu anayeishi kwa mvua hajawahi kuishi kwa uhakika. Anapogawa shamba lake kati ya viazi, karoti na shayiri, anapobakiza mbegu kidogo iwapo mvua ya kwanza itamdanganya, anapofuga kondoo wawili wa kuuza shule zikifunguliwa, anafanya hesabu ya mambo yasiyo na hakika, tena kwa ustadi kuliko wengi waliomo maofisini. Asichoweza kukifanyia hesabu ni uwezekano aliofichwa.

Tuna mfano wa karibuni wa gharama ya kumficha. Mwaka 2023 watabiri wa hali ya hewa walieleza kwamba El Niño ilikuwa ikikua baharini na kwamba mvua za vuli zingeweza kuzidi kawaida. Utabiri wa namna hiyo hutolewa kwa viwango vya uwezekano, na huongezewa habari mpya kadiri msimu unavyokaribia. Mwezi wa Oktoba, taifa likaambiwa hadharani kutoka ngazi za juu kabisa kwamba ile El Niño mbaya iliyohofiwa isingekuwapo. Mwezi wa Novemba mafuriko yakaua watu zaidi ya mia moja nchini na kuwahamisha maelfu. Habari yenye kipimo ilikuwa imefika ikageuzwa kuwa ndiyo au siyo njiani, kwa nia, naamini, ya kuwatuliza watu na kuwarahisishia mambo. Wananchi walioambiwa kwamba uwezekano umepungua lakini bado upo wangeweza kuamua wenyewe kama wahame kando ya mto. Walioambiwa haiji, hawakuwa na cha kuamua.

Pingamizi la pili linatoka upande mwingine: kama kila kauli ina tarehe, basi anayeharibu amepata pa kujificha. Afisa mzembe atasema kutu imebadilika. Muuzaji wa mbegu mbovu atasema msimu umebadilika. Nakubali kabisa kwamba hatari hii ipo, na ndiyo maana siwezi kusema kila badiliko ni jema. Kuna tofauti kati ya ushauri unaobadilika kwa sababu kitu chenyewe kimebadilika na mambo yanayobadilika kwa sababu mtu fulani hakutimiza wajibu wake. Pareto ndiyo mfano bora wa eneo hili. Kenya iliwahi kutoa sehemu kubwa ya pareto ya dunia kuliko nchi nyingine yoyote, na vilima vya Molo na Mau vilikuwa vyeupe kwa maua yake. Leo mkulima akiambiwa arudi kwenye pareto hukunja uso, na watu humtaja kama mfano wa mkaidi asiyetaka elimu. Ujuzi wa pareto haukuwahi kubadilika. Ua lile lina dawa ile ile ya kuua wadudu, na dunia iliendelea kuihitaji hata nafasi yetu ikachukuliwa na Australia, hasa kisiwa cha Tasmania. Kilichotokea ni kwamba wakulima walipeleka maua na malipo hayakuja, msimu baada ya msimu, wakang'oa. Vivyo hivyo mwaka 2024, mbolea isiyofikia viwango ilipopatikana ndani ya mpango wa ruzuku ya serikali, hakuna kuvu iliyokuwa imebadilika. Watu walikuwa wameuziwa kitu kisichokuwa mbolea.

Tarehe, kwa hiyo, haimlindi mwovu. Inamfichua. Kauli isemayo kwamba mbegu hii ni bora haiwezi kukaguliwa, kwa maana haikuahidi kitu chochote kinachopimika. Lakini chukua kauli inayosema kwamba mbegu hii ilijaribiwa Njoro na Mau Narok mwaka fulani, dhidi ya uzao fulani wa kutu, ikatoa magunia kadhaa kwa ekari. Hiyo inaweza kushikwa mkono. Ikishindwa, tunajua pa kuuliza: je, ni kutu mpya, ni mwinuko, ni mvua, au ni mbegu iliyochanganywa na takataka ghalani? Mwinuko wenyewe si jambo dogo. Mau Narok iko juu sana kuliko Njoro, baridi yake inaipendelea kutu ya manjano, aina nyingine ya kutu ya ngano, kuliko kutu ya bua, na aina ya ngano iliyong'ara bondeni inaweza kudhoofika huku. Ushauri usiotaja mahali ni nusu ya ushauri hata kama umetolewa leo asubuhi.

Kuna pia sheria zinazoishi muda mrefu kuliko ushahidi wake. Mwezi wa Novemba 2012 Baraza la Mawaziri la Kenya lilipiga marufuku kuingizwa nchini kwa vyakula vilivyobadilishwa jeni. Miezi miwili kabla yake ulikuwa umechapishwa utafiti wa Mfaransa Gilles-Éric Séralini juu ya panya, uliozua hofu duniani, na utafiti huo ulitajwa sana katika mjadala wetu. Mwaka uliofuata jarida lililouchapisha likauondoa, kwa maelezo kwamba panya walikuwa wachache na wa aina isiyofaa kwa hitimisho lile. Marufuku yetu iliendelea hadi Oktoba 2022. Sisemi kwamba vyakula hivyo viruhusiwe au vikatazwe. Wapo wenye sababu nzuri za kutotaka mbegu zao zimilikiwe na makampuni ya mbali, na sababu hizo hazitegemei panya. Nasema tu kwamba uamuzi uliozungumzwa sana kwa jina la utafiti mmoja uliendelea karibu miaka tisa baada ya utafiti huo kuondolewa. Uamuzi wenye tarehe ya kurejewa ungelazimisha kikao cha hadharani cha kuuliza kama bado una miguu, na huenda kingeamua vile vile, kwa sababu zilizo bora zaidi.

Pingamizi la tatu husema kwamba ingekuwa heri kubaki na ujuzi wa wazee, ambao haubadiliki. Mimi nauheshimu ujuzi huo kiasi cha kutotaka usifiwe kwa sifa isiyo yake. Wazee wa nchi hii walibadilisha mambo sana. Mahindi, viazi na ngano vyote vilitoka mbali. Vilipokelewa, vikajaribiwa, vingine vikaachwa na vingine vikashika. Tazameni kiazi cha Shangi, ambacho leo kimejaa masokoni kutoka Nakuru hadi Nairobi. Kilienea kutoka mkulima hadi mkulima kabla ya kuidhinishwa rasmi. Wakulima walikuwa wamekwisha kuona wenyewe kwamba kinakomaa upesi, kinaiva upesi jikoni kwa kuni kidogo, na kinachipua mapema hivyo mbegu ya msimu ujao haichelewi. Hayo ni matokeo ya majaribio, yaliyofanywa na maelfu ya watu bila daftari. Kasoro yake ni hapo pasipo daftari. Shangi hushikwa kwa urahisi na ugonjwa wa bleiti, na kwa kuwa mbegu hutolewa kwenye gunia la jirani, ugonjwa wa mnyauko husafiri nayo ndani ya kiazi kinachoonekana kizima. Jicho la mkulima, hata likiwa kali namna gani, haliioni bakteria. Hapo maabara inajua kitu ambacho shamba halijui, kama vile shamba lilivyojua habari za kuni kabla ya maabara kuuliza.

Mahali ambapo elimu ilinyimwa tarehe kwa nguvu tunapajua. Mrusi Nikolai Vavilov alifika Ethiopia mwaka 1927 akikusanya mbegu, akastaajabia wingi wa aina za ngano zilizotunzwa na wakulima wa huko, na akajenga moja ya hazina kubwa za mbegu duniani. Nchini kwake, Trofim Lysenko alikuwa na fundisho lililowapendeza watawala, lenye majibu ya haraka na yasiyoruhusiwa kupingwa. Vavilov alikamatwa mwaka 1940 akafia gerezani mwaka 1943. Mwaka 1948 fundisho la Lysenko likatangazwa kuwa ndilo rasmi, na kwa miaka mingi baadaye ilikuwa hatari kwa mtafiti wa Kisovieti kusema hadharani kwamba majaribio yalikuwa yanasema vingine. Yeyote anayetamani wataalamu wenye msimamo usiotikisika na aisome historia hiyo.

Sasa, tufanye nini huku juu? Tuanze na tunachoweza kukidai. Mtu anayeuza mbegu au dawa, na afisa anayezipendekeza, waulizwe swali lile lile kila mara: ilijaribiwa wapi, mwaka gani, dhidi ya nini? Swali hilo halihitaji shahada. Mwanafunzi wa darasa la saba anaweza kuliuliza kwa niaba ya mamake, na walimu wa sayansi wakilifanya kuwa zoezi watakuwa wamefundisha sehemu ya sayansi isiyopatikana kwa kukariri sehemu za ua. Chuo Kikuu cha Egerton kiko Njoro, kituo cha KALRO kiko Njoro. Hatuna kisingizio cha umbali. Kaunti nayo inaweza kudaiwa kwamba mapendekezo yote ya mazao yanayobandikwa ofisini yawe na mwaka wa kutolewa na mwaka wa kurejewa, na yaliyopita muda yabanduliwe.

Wapo watakaosema kazi hii ni ya wenye mashamba makubwa, wenye trekta za kunyunyizia dawa na ngano ya mamia ya ekari. Sioni hivyo. Kijimbegu kilichoota kwenye robo ekari isiyopuliziwa kinafika kwenye shamba kubwa, na uzao mpya uliozaliwa kwenye shamba kubwa linalopulizia kidogo kuliko inavyotakiwa unafika kwenye robo ekari. Na bei ya unga wa chapati inamgusa hata asiyepanda ngano, katika nchi inayoagiza sehemu kubwa ya ngano yake kutoka nje na iliyoona mwaka 2022 jinsi vita vya Ukraine vinavyoweza kufika hadi jikoni.

Kudai ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kurudisha habari. Vituo vya utafiti hujua kutu mpya kwa sababu mtu fulani aliiona ikiwa mahali ambapo haikutarajiwa, kama alivyoiona Wagoire kule Kalengyere, akaikata na kuipeleka. Si jambo gumu. Bua lenye madoa hukatwa, huwekwa kwenye bahasha ya karatasi, wala si mfuko wa plastiki unaoozesha, na juu yake huandikwa aina ya ngano, mahali na tarehe. Wanaoyaona madoa kwanza ni wale wanaoingia shambani kwa miguu: vibarua wa palizi, wengi wao wanawake, na vijana wanaobeba bomba la dawa mgongoni. Kwa sasa wakiona kitu kigeni humwambia mwenye shamba, naye huenda dukani kununua dawa kali zaidi, na habari inaishia hapo. Bahasha hizo zingeweza kuwekwa kwenye ofisi ya wadi na kwenye kila duka la pembejeo, zikakusanywa na kupelekwa Njoro pamoja, na kituo kikatakiwa kuleta jibu kwa maandishi hapa Mau Narok, mbele ya watu, kabla ya mbegu za msimu unaofuata kununuliwa.